Kishikio

Kariakoo wanauza vya plastiki, buku tatu,
vyeusi, vimeachama kama makinda.
Muuzaji alikitikisa mbele ya pua yangu:
"Orijino hiki, bosi. Hata ukipanda tuta, soda haijui."
Tuta la kwanza la Kigogo
soda ikajua.

Cha pili nilishonewa na Sikudhani, mshona viti,
mfuko wa turubai, uzi mara mbili.
Chupa yenye kifuniko inakaa humo kwa heshima.
Kikombe kinalala
kama mlevi kwenye kochi la shemeji.

Cha tatu kilikuwa na springi.
Tusikiongelee.

Kijiweni wakanicheka:
"Chaurembo, bajaji yako ni ya abiria au ya chai?
Funga chupa kwa mpira wa tyubu, kwenye usukani,
kama binadamu wengine."
Na kweli, maji yangu ndivyo ninavyoyafunga.
Sikuwaambia kwamba kikombe si changu.

Ni cha Hamdani, kinyozi wa Mburahati.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri
nampeleka Upanga kusafishwa damu,
mashine ikamkojolee.
Kauli yake hiyo, mimi nisingethubutu.
Amepimiwa nusu lita,
kutwa kucha, na mchuzi umo,
na kipande cha tikiti kikiliwa kinahesabiwa.
Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Kwa Hamdani
haba na haba hujaza mapafu.

Kikombe chenyewe ni cha bati,
ndani kina mstari wa rangi ya kucha, ya mkewe,
nyekundu, mkono ulitetemeka kidogo.
Maji yanaishia hapo.
Anataka kiwe mbele yake, akione.
"Kikifichwa, kiu inapiga kelele."
Kwa nini usibebe chupa? niliuliza.
"Chupa haina adabu, ukiinua tu inamimina.
Kikombe lazima ukiombe."

Jumatano ile, bondeni Jangwani,
mvua imekula lami usiku kucha,
gurudumu la mbele likazama, plastiki ikakatika tak,
na fungu lake la asubuhi likaenda kwenye mkeka,
katikati ya viatu vyake.
Akalitazama linavyokwenda.
Nami kwenye usukani nina lita nzima, inacheza.
Chukua, nikasema, ya kwako si imemwagika?
"Nikijaza cha pili, nani atanizuia cha tatu?"
Akainua miguu, asikanyage.

Ndipo nikaenda Gerezani
kwa Mangosongo, anayeongea akiwa na misumari mdomoni.
Hakuuliza bajaji ni ya mwaka gani.
Akauliza: "Kikombe kina kimo gani? Kikijaa, kina uzito gani?
Anayekunywa ni wa mkono upi?"
Wa kulia. Wa kushoto una mshipa wa mashine, hauguswi.
Akatema misumari.

Akakata pete mbili, moja ndani ya nyingine,
kila moja na ekseli yake ya spoku.
Alishaona jiko la melini, akasema, meli ikilala lenyewe halilali.
Akavisha pete ya ndani ngozi ya tyubu
bati lisigonge chuma, lisimwamshe mgonjwa.
Elfu kumi na mbili. Nikasema kumi. Akasema
kumi na mbili, na ukirudi kuchomelea upya, bure.

Ijumaa, tuta la Kigogo.
Mimi kiooni, yeye kikombeni,
hakuna anayetazama barabara.
Maji yakaegama, yakafikiri,
yakarudi kwenye mstari.
"Umelipa bei gani?"
Kumi.
"Umeibiwa," akasema, akakigusa kwa kidole,
kikabembea.

Kurudi, taa za Faya, jua limesimama wima.
Chupa yangu siku hizi iko chini ya kiti.
Koo limenikauka kama gunzi
nami nangoja,
namsikiliza huko nyuma,
mpaka nisikie kasinzia.